Pasipoti iliyoharibika: Ibadilishe kabla ya kuomba viza

Na Mwandishi Wetu

MSAFIRI anafika Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Julius Nyerere, Dar es Salaam, saa tatu kabla ya ndege kuruka. Tiketi anayo, viza anayo, na mizigo aliipima nyumbani ili isizidi uzito. Anamkabidhi pasipoti mhudumu wa shirika la ndege. Mhudumu anaifungua, anaiinamisha kwenye mwanga, anapitisha kidole juu ya ukurasa wenye picha, kisha anamwita msimamizi wake. Dakika chache baadaye msafiri anaelezwa kuwa hataondoka.

Kosa si jina wala muda wa viza. Ni alama ya maji iliyopanda kutoka pembe ya ukurasa hadi kwenye mistari miwili ya herufi na tarakimu iliyo chini ya picha. Pasipoti ilinyeshewa na mvua miezi kadhaa nyuma, mwenyewe akaianika, ikakauka, naye akaamini mambo yamekwisha.

Wanaokumbwa na mkasa wa aina hii hulalamika kwanza kwamba wamezuiwa na mtu asiye na mamlaka, kwa kuwa hawajafika hata kwa ofisa wa Uhamiaji. Malalamiko hayo yanaeleweka, lakini mhudumu wa kaunta ana sababu zake, na sababu hizo ni za fedha.

Kwa mujibu wa Kiambatisho cha 9 cha Mkataba wa Chicago wa mwaka 1944 kuhusu usafiri wa anga wa kiraia, shirika la ndege lina wajibu wa kuhakikisha kuwa abiria ana hati zinazotakiwa katika nchi aendako. Abiria akikataliwa huko, shirika lililompeleka ndilo linalotakiwa kumwondoa, na nchi nyingi hulitoza faini juu yake. Umoja wa Ulaya, kwa mfano, ulipitisha agizo mwaka 2001 linalozitaka nchi wanachama kuweka faini ambayo kiwango chake cha chini hakipungui euro 3,000 kwa kila abiria, au ambayo kiwango chake cha juu hakipungui euro 5,000. Hivyo basi, mhudumu wa kaunta akiwa na shaka, si kazi yake kuthibitisha kuwa pasipoti ni mbovu. Shaka yenyewe inamtosha.

Kwa msafiri, hasara huwa kubwa zaidi. Masharti ya usafirishaji ya mashirika mengi yanalipa shirika haki ya kumkatalia abiria ambaye hati zake hazijakamilika au zimeharibika, bila kuwajibika kumrudishia nauli. Bima nyingi za safari nazo hazilipi hasara iliyotokana na hati mbovu. Mgonjwa aliyekuwa akienda India kwa matibabu hupoteza miadi ya daktari; mfanyabiashara wa Kariakoo aliyekuwa akienda Guangzhou hupoteza msimu; mwanafunzi huchelewa kusajiliwa chuoni.

Swali linalofuata ni pasipoti huhesabiwa imeharibika katika kiwango gani. Hapa ndipo penye utata, kwa sababu hakuna kipimo kimoja kinachotumika duniani kote. Jalada lililopauka, pembe zilizojikunja kidogo na maandishi ya dhahabu yaliyofutika kwa kushikwashikwa ni dalili za matumizi, na kwa kawaida hayamzuii mtu kusafiri. Ukurasa uliochanika au kung'olewa, uzi wa katikati uliokatika, wino uliosambaa, picha iliyokwaruzwa, plastiki ya ukurasa wa taarifa iliyobanduka, na maandishi yaliyochorwa na mtoto kwa kalamu ni uharibifu. Kati ya makundi hayo mawili kuna pasipoti nyingi ambazo ofisa mmoja atazipitisha na mwingine atazikataa, na mwenye pasipoti hana namna ya kujua atakutana na yupi.

Ukurasa uliokosekana huchukuliwa kwa uzito wa pekee. Kurasa za pasipoti zina namba, na ofisa anapokuta namba moja imerukwa haulizi kwanza iwapo panya aliingia kabatini. Huuliza ni mhuri gani ulikuwa kwenye ukurasa huo: je, mwenye pasipoti alipitiliza muda wa kukaa katika nchi fulani, au alinyimwa viza na sasa anaficha?

Uharibifu unaoponza zaidi, hata hivyo, ni ule usioonekana kuwa mkubwa. Mistari miwili iliyo chini ya picha imewekwa kwa ajili ya mashine. Kila mstari una nafasi 44 za herufi, tarakimu na alama, kwa mpangilio uliowekwa na Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga (ICAO). Mstari wa pili una namba ya pasipoti, kifupi cha uraia, ambacho kwa Tanzania ni TZA, tarehe ya kuzaliwa, jinsi na tarehe ya mwisho wa pasipoti.

Ndani ya mstari huo kuna tarakimu za ukaguzi. Mtu aliyezaliwa Mei 14, 1985 huandikwa 850514. Mashine huzidisha tarakimu hizo, moja baada ya nyingine, kwa 7, 3 na 1, kisha huanza tena 7, 3 na 1. Jumla yake ni 113. Ikigawanywa kwa 10, kinachobaki ni 3, na hiyo 3 ndiyo inayochapwa mbele ya tarehe. Sasa wino ukisambaa kidogo, mashine ikaisoma 5 ya kwanza kuwa 6, jumla inakuwa 116 na kinachobaki ni 6. Hesabu haikubaliani na tarakimu iliyochapwa, na mashine inaikataa pasipoti. Mwanadamu anayeitazama anaweza asione kasoro yoyote.

Kwa pasipoti za kielektroniki kuna jambo jingine. Chipu iliyomo ndani huhifadhi picha na taarifa za mwenye pasipoti, na imefungwa ili isisomwe na mtu yeyote anayepita karibu. Katika mfumo wa kawaida, ufunguo wa kuifungua hutengenezwa kutokana na namba ya pasipoti, tarehe ya kuzaliwa na tarehe ya mwisho wa matumizi, yaani taarifa zilezile zilizomo katika mstari wa pili. Mashine ikishindwa kusoma mstari huo, chipu nayo haifunguki, hata kama ni nzima kabisa. Kinyume chake si kibaya kiasi hicho: chini ya taratibu za ICAO, chipu iliyokufa peke yake haiifanyi pasipoti kuwa batili. Abiria atapelekwa pembeni kukaguliwa kwa mkono, jambo linalokera na kuchelewesha, lakini pasipoti yake inabaki kuwa pasipoti.

Tanzania ilizindua pasipoti ya kielektroniki Januari 31, 2018, katika hafla iliyoongozwa na Rais wa wakati huo, Dk John Magufuli. Uzinduzi huo ulikuja baada ya wakuu wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki kuzindua pasipoti ya kielektroniki ya pamoja jijini Arusha, Machi 2016. Pasipoti za zamani ziliendelea kutumika sambamba na mpya hadi mwisho wa Januari 2020. Kwa kuwa pasipoti ya kawaida hudumu miaka 10, zile za mwanzo kabisa zitamaliza muda mwaka 2028. Kitabu kile kile hukaa mfukoni, kwenye mkoba na kwenye droo kwa miaka yote hiyo, na ndani ya muda huo mvua, joto la gari lililoegeshwa juani, mchwa na watoto huwa na nafasi ya kutosha.

Wapo pia wanaoziharibu pasipoti kwa nia njema. Baadhi ya ofisi za mawakala wa safari hubana fomu na risiti kwenye kurasa kwa pini za stepla, na pini hiyo ikitolewa huacha matundu. Wengine hubandika selotepu juu ya mpasuko. Kuna wanaoipiga pasi pasipoti iliyolowa ili inyooke, na joto la pasi huikunja plastiki ya ukurasa wa taarifa na linaweza kuiua chipu. Pasipoti iliyolowa hukaushwa taratibu kivulini, ikiwa imewekewa karatasi laini kati ya kurasa na kitu kizito juu yake. Gundi, selotepu na wino wa kurudishia herufi zilizofutika visiguse kitabu hicho kamwe. Pasipoti ni mali ya Serikali, na chini ya Sheria ya Pasipoti na Hati za Safari ya mwaka 2002, kubadilisha kilichoandikwa ndani yake ni kosa la jinai. Aliyekuwa na pasipoti iliyoharibika kwa bahati mbaya hujikuta akishikilia pasipoti inayoonekana kughushiwa.

Pasipoti iliyoharibika hairekebishwi. Hubadilishwa, na kinachotolewa ni pasipoti mpya yenye namba mpya.

Kwa Tanzania maombi huanzia kwenye tovuti ya Idara ya Uhamiaji. Mwombaji hujaza fomu, hupewa namba ya kumbukumbu ya malipo, hulipa kupitia benki au simu, huchapa fomu na kuipeleka ofisi ya Uhamiaji ikiwa na viambatisho. Miongoni mwa viambatisho vinavyotakiwa ni cheti cha kuzaliwa cha mwombaji, cheti cha kuzaliwa cha mzazi au kiapo, na kitambulisho cha Taifa. Mwombaji hutakiwa kufika mwenyewe kwa ajili ya alama za vidole na picha. Ada ya pasipoti ya kawaida iliyotangazwa wakati wa uzinduzi wa mwaka 2018 ilikuwa Sh150,000. Ni vyema kuangalia kwenye tovuti ya Idara kabla ya kulipa, hasa kwa kuwa anayebadilisha kitabu kabla ya muda wake anaweza kutakiwa kutoa maelezo ya ziada.

Aliyeharibikiwa atapaswa kwenda na kitabu chenyewe, hata kama kimebaki nusu, pamoja na maelezo ya maandishi ya jinsi kilivyoharibika. Maelezo mafupi na ya kweli hutosha. Kinachochelewesha zaidi huwa ni nyaraka nyingine: jina la kwenye cheti cha kuzaliwa halifanani na la kwenye kitambulisho cha Taifa, au tarehe zinapishana. Msafiri aliyedhani shida yake ni ukurasa uliolowa hujikuta akihangaika kati ya Mamlaka ya Vitambulisho vya Taifa (NIDA) na Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini (RITA) kurekebisha herufi moja. Ukaguzi wa nyaraka hizo ufanyike nyumbani, kwa kuziweka zote mezani, kabla fomu haijajazwa.

Baadhi ya watu, wakiona aibu au wakihofia kuulizwa maswali, huamua kuitupa pasipoti mbovu na kuripoti kuwa imepotea. Huo ni uamuzi mbaya kupita wote. Kwanza, kutoa taarifa ya uongo polisi ni kosa. Pili, taratibu za pasipoti iliyopotea ni nzito kuliko za iliyoharibika, kwani panahitajika taarifa ya polisi na uchunguzi wa namna ilivyopotea. Tatu, namba ya pasipoti iliyoripotiwa inaweza kuingizwa katika hifadhidata ya Interpol ya hati za safari zilizoibwa na kupotea, iliyoanzishwa mwaka 2002 na inayotumiwa na vikosi vya mipakani katika nchi nyingi. Ikifika huko, hata kama kitabu kitaonekana tena chini ya godoro, hakifai tena kusafiria, na anayejaribu kukitumia huhojiwa kama mtu aliyeshika mali ya wizi.

Hata hivyo, kuipata pasipoti mpya ni nusu ya kazi. Nusu nyingine, ambayo wengi huikumbuka wakiwa wamechelewa, ni kila kitu kilichofungwa na namba ya zamani.

Viza za kielektroniki, kama zile zinazotolewa na nchi za Ghuba, huandikwa kwa namba ya pasipoti. Anayekwenda Muscat au Dubai kuwatembelea ndugu akiwa na pasipoti mpya na viza iliyoandikwa kwa namba ya zamani hubeba nyaraka mbili zisizotambuana. Uingereza, ambayo imekuwa ikiacha vibandiko na kuhamia kwenye viza za kidijiti, humtaka mwenye viza hiyo aingize taarifa za pasipoti yake mpya kwenye akaunti yake kabla ya kusafiri. Wanaokwenda Hija huingizwa katika mfumo wa Saudi Arabia mapema kabla ya safari, kwa namba ya pasipoti, hivyo anayebadilisha kitabu baada ya hapo hana budi kumweleza mara moja wakala anayemsafirisha.

Viza za kubandika zina taratibu zake. Marekani, kwa mfano, huruhusu viza ambayo bado haijaisha kutumika ikiwa ndani ya pasipoti iliyokwisha muda, mradi msafiri abebe pasipoti zote mbili, ziwe za nchi moja na za aina moja, na viza yenyewe iwe haijaharibika. Sharti hilo la mwisho ndilo linalowahusu walioharibikiwa. Ikiwa maji yaliyoharibu ukurasa wa picha yaligusa pia kibandiko cha viza, mwenye nayo hana budi kuomba viza nyingine. Ikiwa viza imesalimika, ofisa wa Uhamiaji aelezwe siku ya kukabidhi maombi kwamba ndani ya kitabu cha zamani mna viza hai, na ombi la kurudishiwa kitabu hicho kikiwa kimefutwa litolewe mapema, si baada ya pasipoti mpya kutoka.

Kwa sababu hiyo, mwenye pasipoti yenye shaka asiipeleke ubalozini akitumaini kuwa viza ikipatikana basi hati imekubaliwa. Ubalozi unaweza kuipokea, ukaibandika viza, na bado shirika la ndege likaikataa. Ada ya viza haitarudi. Nchi za Schengen hutaka pasipoti iwe imetolewa ndani ya miaka 10 iliyopita, iwe na kurasa mbili tupu na iendelee kuwa hai angalau miezi mitatu baada ya msafiri kuondoka katika eneo lao. Nchi nyingine nyingi hutaka miezi sita. Anayeona kitabu chake kimechakaa, kurasa zinakaribia kujaa na muda umebaki mwaka mmoja hana anachookoa kwa kusubiri.

Kadi ya chanjo ya homa ya manjano huwachanganya wengi katika hatua hii. Tangu Julai 2016, chini ya kanuni za afya za kimataifa, cheti cha chanjo hiyo ni cha maisha, na kubadilisha pasipoti hakuifuti chanjo iliyo mwilini. Lakini kwa kuwa kadi huwa na nafasi ya namba ya kitambulisho, na wengi hujaza namba ya pasipoti, ni busara kubeba nakala ya ukurasa wa pasipoti ya zamani ili namba iliyo kwenye kadi iwe na maelezo.

Tiketi ya ndege ndiyo inayosumbua kidogo zaidi. Imefungwa na jina kuliko namba, na namba ya pasipoti inaweza kubadilishwa kwa kuwasiliana na shirika au wakala. Jina ndilo lisibadilike hata herufi: ikiwa pasipoti mpya imeandikwa majina matatu na tiketi ina mawili, swali hilo liulizwe kabla ya siku ya safari.

Kwa aliyegundua uharibifu siku chache kabla ya kuondoka, mlango uliobaki ni kwenda mwenyewe ofisi ya Uhamiaji akiwa na ushahidi wa dharura, kama vile barua ya hospitali, mwaliko au tiketi, na kueleza shida yake. Ipo pia Hati ya Dharura ya Safari, ambayo huwasaidia wanaokwenda nchi jirani, lakini haimfikishi mtu Ulaya wala Ghuba. Aliyeharibikiwa akiwa ugenini huenda ubalozi wa Tanzania uliopo karibu, ambako anaweza kupatiwa hati ya kumrudisha nyumbani. Asitegemee kuitumia kuendelea na safari kwenda nchi ya tatu.

Ni katika haraka hizo ndipo vishoka hupata riziki. Huzunguka jirani na ofisi za umma wakidai kumfahamu mtu ndani, na humwahidi msafiri pasipoti kwa siku mbili kwa malipo ya mkononi. Malipo halali hupitia namba ya kumbukumbu iliyotolewa na mfumo, na risiti yake huonekana humohumo. Fedha iliyotolewa nje ya hapo haina pa kudaiwa, na anayekabidhi cheti cha kuzaliwa na kitambulisho kwa mtu asiyemjua amempa vitu vya thamani kuliko fedha hizo.

Siku ya kuchukua pasipoti mpya, msafiri asiondoke dirishani kabla ya kusoma ukurasa wa taarifa neno kwa neno: majina, tarehe ya kuzaliwa, mahali pa kuzaliwa, jinsi. Kosa likionekana hapo hapo hurekebishwa na waliolifanya. Likionekana wiki ya safari, fomu huanza upya.